Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uwanja, Bustani na Pesa za Kuviendesha

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana wa timu zote,

Assalaam aleikum na hamjambo. Katiba ya chama chetu cha mtaa inamtaka mwenyekiti awaeleze wanachama mwaka ulivyokwenda kabla ya mweka hazina kusoma hesabu. Safari hii nitasema juu ya pesa kuliko juu ya mpira na maua, maana kila jambo tulilotaka kulifanya katika uwanja wetu na bustani yetu hapa Tudor, Mombasa, liliishia kwenye swali lile lile: nani atalilipia mwezi ujao, na mwezi wa baada yake?

Nianze na mema. Ligi ya vijana imechezwa hadi fainali bila mechi kuhamishiwa mtaa mwingine. Akina mama wa mazoezi ya alfajiri wameongezeka hata kamati ikalazimika kuwapangia saa zao mbali na wakimbiaji. Taa za upande wa barabara zinawaka. Mabenchi ya saruji chini ya mkungu yamekuwa maskani ya wazee wa bao, na mimi simo miongoni mwa wanaolalamikia jambo hilo. Mahali wanapokaa wazee kuanzia alasiri hadi Magharibi, vibaka hawapazoei.

Sasa bembea. Msimu wa kusi ulipokuwa unamalizika, mlinzi aliona pete moja ya mnyororo wa bembea ya pili kutoka langoni imelika hadi imebaki wembamba wa msumari. Akaifunga kwa kamba asubuhi ile ile, watoto wakanuna, na jioni fundi akaja. Alipofungua nati za juu akatuonyesha kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tukikijua: kutu haikuanzia nje, palipopakwa rangi, bali ndani ya pete, chuma kinaposuguana na chuma na rangi haidumu. Chumvi ya upepo wa bahari hukaa humo mchana na usiku. Ikabidi minyororo yote ishushwe, ile mizuri kwa macho pamoja na mibovu, na tukanunua mingine iliyopakwa zinki. Kibandani kwa mlinzi sasa kuna daftari la ukaguzi, na kila Ijumaa nati na pete zote hukaguliwa kwa mkono, si kwa macho.

Bembea hizo tulipewa na mfadhili, na shukrani zetu kwake ziko pale pale. Ila alitupa bembea. Hakutupa grisi, rangi, minyororo ya akiba wala ujira wa fundi. Hapo ndipo penye shida ya viwanja vya umma karibu vyote katika mji huu. Pesa za kujenga hupatikana, maana kujenga kuna utepe wa kukata, kuna picha, kuna mgeni wa heshima. Sijapata kuona mgeni wa heshima akija kuzindua ufagio. Mtakumbuka Oktoba 2019, bustani ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya na Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka ule ikasherehekewa pale, jinsi mji ulivyojaa furaha. Kazi ile iligharimiwa na serikali ya taifa na ilikuwa kazi nzuri. Ukienda jioni kula mihogo na dafu unaona watu wa kila mtaa. Lakini bustani ya namna ile huanza kula pesa siku ya pili baada ya kufunguliwa: kuzoa taka, kumwagilia, kuosha vyoo, kubadilisha taa, kulipa walinzi wa zamu ya usiku. Yetu ni ndogo mno ukiilinganisha na ile, lakini inakula vile vile.

Katika matumizi yetu ya mwaka, mlinzi na maji peke yake vimechukua zaidi ya nusu. Kuhusu maji sina haja ya kuwaeleza sana, kwa kuwa nyote mnaishi kisiwani na mnajua mfereji unavyotoa siku utakazo wenyewe. Kisima chetu kina maji ya chumvi. Ukoka unayavumilia, na ndiyo maana kamati ilikataa pendekezo la kuleta nyasi za mapambo ambazo zingetaka maji matamu kila siku. Miche michanga na choo ndivyo vinavyohitaji maji ya mkokoteni, na bei ya dumu hupanda pale pale mfereji unapokauka. Tangi la pili tulilolifunga kabla ya masika limepunguza makali. Linakinga maji ya paa la chumba cha kubadilishia nguo, na kwa muda wote wa mvua hatukununua dumu hata moja kwa ajili ya choo.

Juu ya miti kulikuwa na ubishi mkubwa, nami nauandika hapa kwa sababu haujaisha. Wako wanaotaka miti ya mapambo kama waliyoiona mahotelini. Naheshimu ladha yao. Lakini chini ya uwanja wetu mna mwamba wa matumbawe, na udongo wa juu ni kiasi cha kufunika kiatu. Mfano wa kuuangalia hauko mbali: ni Bamburi. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, alijaribu aina 26, na zilizostahimili ni tatu tu: mvinje, mnazi na mdamasi. Majani ya mvinje yalianguka yakalala bila kuoza, mpaka alipoletwa jongoo akayala, na kinyesi chake ndicho kilichogeuka udongo. Leo pale ni msitu, na wengi wetu tumewapeleka watoto wakawaone viboko na kobe. Kwa hiyo kamati imepanda mivinje upande wa kusi, mkilifi na mkungu upande wa barabara, na tumewaomba wafagiaji wasichome majani. Yakusanywe shimoni yawe mbolea. Anayetaka ua la mapambo alilete kwenye chungu, na chungu chake akimwagilie mwenyewe.

Nije kwenye sheria, maana hapa ndipo nguvu zetu za mwaka ujao zinapotakiwa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya bustani, fuo na sehemu za burudani, pamoja na viwanja vya michezo. Kwa hivyo sisi si wenye uwanja. Ni wasaidizi na watumiaji, na mwenye wajibu tunamjua. Lakini Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 207, inasema pesa zote zinazokusanywa kwa niaba ya kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imezitenga. Maana yake kwa lugha ya mtaani ni kwamba mtu akikodi uwanja wa umma kwa harusi na kulipa ada halali, shilingi ile haibaki uwanjani kununua balbu. Inakwenda mfukoni kwa wote, na ili irudi lazima iwemo katika bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Bajeti ikibanwa, kwa kawaida mishahara na hospitali hutangulia, na sioni wa kumlaumu kwa hilo. Bustani hungoja.

Wako waliokwisha kulipatia jambo hili dawa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoziruhusu hospitali na zahanati za umma kubaki na mapato zinayokusanya na kuyatumia hapo hapo kwa utaratibu wa ukaguzi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 nayo inaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Kamati inapendekeza tuungane na vyama vya mitaa mingine, kuanzia Likoni hadi Kisauni, tupeleke ombi moja kwa bunge la kaunti: uanzishwe mfuko wa bustani na viwanja, na ada zinazotoka viwanjani zirudi huko kugharimia matunzo, huku hesabu zikibandikwa ukutani kila robo mwaka. Wakati wa kusema ni sasa. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Atakayekuja na malalamiko mwezi wa Agosti atakuta chungu kimeshapakuliwa. Mikutano ya kuwashirikisha wananchi hutangazwa, lakini kwenye ile ya mwaka huu nilihesabu wanachama wetu kwa vidole vya mkono mmoja, ilhali siku ya fainali hapakuwa na pa kukanyaga.

Mwanachama mmoja aliyeishi Marekani alituletea wazo jingine, na kamati ililijadili kwa uzito. Katika jimbo la Illinois na kwingineko huko kuna wilaya za bustani: serikali ndogo yenye mipaka yake, bodi yake, na haki ya kutoza kodi yake ya majengo kwa ajili ya bustani na michezo peke yake. Ile ya Chicago iliundwa 1934 kwa kuunganisha wilaya 22 zilizokuwa zimetapakaa mjini. Ni mpango wa kutamanisha, kwa sababu pesa ya bustani haigombanii sahani moja na pesa ya barabara. Hata hivyo kwetu haiwezekani hivi hivi. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa kaunti haki ya kutoza kodi ya ardhi na majengo na kodi ya burudani. Chama cha mtaa hakina haki hiyo. Na hata huko mambo si mteremko. Wapiga kura wa California mwaka 1978 waliifunga kodi ya majengo isizidi asilimia moja ya thamani iliyokadiriwa, na wilaya nyingi zikabaki kutegemea ada za watumiaji. Tunaloweza kulichukua kwao ni lile la hesabu ya bustani kuwa peke yake, na mfuko tunaouomba ndio njia yake hapa kwetu.

Hili linanileta kwenye kiingilio langoni. Najua pendekezo limo kwenye ajenda, nami napinga waziwazi. Ukitoza shilingi 20 kwa kila anayeingia, utamweka mtu wa kukata tikiti, na ujira wake utakula sehemu kubwa ya hizo 20, kisha watoto ambao uwanja huu uliwekwa kwa ajili yao ndio watakaorudi barabarani kucheza kati ya tuktuk. Anayetumia uwanja kwa biashara au shughuli kubwa ndiye alipe: maonyesho, harusi, tamasha, wachuuzi wenye vibanda vya kudumu. Shughuli za Idi, maziko na mashindano ya shule ziendelee bure kama ilivyo desturi yetu.

Mikutano ya siasa ina fungu lake. Uchaguzi wa 2027 unakaribia na maombi yameshaanza kuletwa. Chama hakina mamlaka ya kutoa kibali. Hiyo ni kazi ya wenye mamlaka. Lakini tumeomba, na bado tunangoja jibu, kwamba kila mwenye mkutano aweke amana kabla ya kuleta spika zake, ya kurekebisha nyasi na kuzoa taka, upande wowote awe. Mara ya mwisho lori la jukwaa lilipita juu ya ukoka siku ya mvua. Mitaro ya magurudumu tuliijaza wenyewe kwa majembe, na mwenye lori hajaonekana hadi leo.

Jambo zito zaidi nimeliweka karibu na mwisho makusudi, ili mtoke nalo. Uwanja huu hatujaiona hati yake. Tumeandika barua kwa ofisi husika, tumeandika ukumbusho, tumeambiwa faili linatafutwa. Wakati faili linatafutwa, bikoni, yaani alama ya mpaka, ya kona ya nyuma ilikutwa imeng'olewa, na mtu akamwaga kokoto pale kama anayetaka kuanza msingi. Vijana walizizoa kokoto jioni ile. Nawashukuru, lakini toroli si ulinzi wa ardhi. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela nchini, na viwanja vya burudani vilikuwemo. Ardhi isiyopimwa na isiyosajiliwa kama ya umma ndiyo rahisi kuliwa. Kwa hiyo kamati inaomba idhini ya kumlipa mpima ardhi mwenye leseni atutolee ramani ya mipaka, na kuifikisha kwa Tume ya Taifa ya Ardhi pamoja na barua zetu zote. Napendekeza gharama hiyo itangulie jukwaa jipya, itangulie hata mageti. Tusijenge juu ya kitu ambacho kesho tutaambiwa si cha umma.

Ada ya mwanachama haijapanda kwa muda mrefu, na sasa tunaomba ipande. Kiwango mtakiamua nyinyi. Waliokwama wamwone katibu faraghani. Hakuna atakayesomwa jina. Malipo yote yaendelee kupitia Paybill ya chama, si mkononi mwa mtu, hata akiwa ni mimi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mkaguzi tuliyemchagua mwaka jana ametuonyesha risiti tatu za saruji zisizo na mhuri wa duka. Katibu amezifuatilia na zimepatikana zilizo sahihi, zimeambatishwa.

Nafasi za kamati zinazoachwa wazi ni mbili: katibu msaidizi na mwakilishi wa akina mama wa mazoezi. Kwa nafasi ya pili naomba wachague wao wenyewe, wasichaguliwe na wanaume wa mpira.

Namkaribisha mweka hazina asome hesabu. Nakala ziko mezani pale mlangoni, na maswali juu ya kisima aulizwe yeye, maana mkataba wa pampu anao yeye.