Malalamiko: Strasbourg mliyotuuzia sio tuliyopewa

Habari zenu ofisini,

Naandika kuhusu ile safari yenu ya siku moja ya Strasbourg, Ufaransa, ya Jumamosi, mimi na mwenzangu tulikaa siti za nyuma kabisa, risiti nimeambatanisha. Nilishapiga simu, dada aliyepokea akasema niandike ndo itashughulikiwa, haya naandika.

Tangazo lenu la kwenye grupu la WhatsApp linasema hivi: kuondoka Frankfurt saa moja asubuhi, kufika saa nne, kuingia kanisa kuu kuona ile saa kubwa ya mashine ambayo visanamu vya mitume vinapita, boti kwenye mto Ill, mwongozaji anayeongea Kiswahili, kuanza kurudi saa kumi na mbili jioni. Yuro 85 kwa kichwa. Nikalipia watu wawili bila kuuliza mara mbili.

Sasa mjue kwamba kwetu sisi hiyo saa ndo ilikuwa safari yenyewe. Jamaa yangu ni fundi saa Mwanza, amekuja kunitembelea kwa viza ya muda mfupi, na hiyo mashine ya Strasbourg anaijua kwa video miaka na miaka, anakwambia kabisa kwamba ya sasa ilijengwa na fundi Schwilgué kati ya 1838 na 1843, kwamba ndani ina magurudumu yanayopiga yenyewe hesabu ya tarehe ya Pasaka bila mtu kuyagusa, yaani ukimwachia hapo hamlali. Mitume wanapita mara moja tu kwa siku, saa sita na nusu mchana, jogoo anawika mara tatu, basi, mpaka kesho. Na kuingia kuna tiketi na watu wanaanza kukaa mapema maana kuna filamu kwanza. Kwa hiyo ukichelewa umechelewa, hakuna cha kumbembeleza mlinzi.

Basi lilikuja karibu saa mbili. Sawa, tukanyamaza. Halafu tukiwa bado upande wa Ujerumani dereva akakata kona akaingia kwenye duka la manukato na chokoleti ambalo halipo popote kwenye ratiba, tukakaa hapo zaidi ya saa nzima, mwongozaji anazunguka anatuhimiza tununue, watu wazima tumesimama kwenye paking tunatazamana. Kama kuna kamisheni mnapata hapo ni biashara yenu, ila muda ulikuwa wetu, tumeulipia. Nilimfuata mwongozaji nikamwambia kaka, saa sita na nusu kuna ile saa, akanijibu kwa upole tu "tutawahi". Tumefika mlango wa kanisa saa sita na dakika arobaini. Umefungwa, wenye tiketi wako ndani, sisi tuko nje tunaangalia ukuta.

Ukuta wenyewe ni mzuri sikatai, mawe yana rangi ya waridi, mnara mmoja tu wa mita 142, na kuanzia 1647 mpaka 1874 ndo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani. Hayo mwenzangu ndo aliniambia, sio mwongozaji wenu, yeye alikuwa anasoma kwenye simu kwa Kijerumani halafu anatuambia "hili ni kanisa la zamani". Kiswahili chake ni cha salamu. Baadaye walipofungua tukaingia, jamaa akasimama mbele ya saa akaona vile visanamu vya umri wa binadamu vinavyopita mbele ya Kifo kila robo saa, akaambulia hivyo. Hakulalamika hata neno, mimi ndo nilitamani ardhi ipasuke.

Boti nayo tukaambiwa kila mtu ajilipie. Tukajilipia, na nashukuru tulipanda, maana ndo tuliona Petite France, ule mtaa wa zamani, na nyumba zake za mbao na Bunge la Ulaya kwa mbali. Tumeshuka tu, simu inaita, basi linaondoka saa kumi. Saa kumi! Jua bado kali. Mtu akienda mwenyewe anapanda treni mpaka Kehl, mji wa Ujerumani pale mpakani, anachukua tramu D inavuka Rhine, anakaa mjini mpaka achoke.

Lingine, na hili ni zito. Meseji yenu ya Ijumaa ilisema pasipoti sio lazima, eti nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hazina mpaka. Ujerumani ina ukaguzi kwenye mpaka wa Ufaransa tangu Septemba 2024, na mtu wa viza anatakiwa atembee na pasi yake hata kusipokuwa na askari. Wakati wa kurudi polisi walipanda basi. Jamaa yangu alikuwa nayo, mama mmoja mbele yetu hakuwa nayo, akateremshwa, na mwongozaji wenu akabaki kwenye siti yake.

Mmenijibu kwamba mtanipa vocha ya safari ya Colmar, mji mwingine wa Ufaransa. Ya nini? Mgeni wangu viza yake inaisha na anarudi Mwanza, hiyo vocha akatumie na nani? Nataka hela ya tiketi yake yote, nusu ya yangu, na pesa ya boti ya wote wawili, ndani ya wiki mbili, kwenye akaunti ileile niliyolipia. Na yule mama mtafuteni mumwombe radhi.

Skrinshoti za tangazo nimewatumia tena, maana naona kwenye grupu mmeshalifuta.