Wastani wa alama haumfunzi mtoto kusoma

Kwa Mhariri,

Kila Januari shule zetu za umma hapa Mombasa huandika lengo la mwaka, na mara nyingi ni lile lile: wastani wa alama upande kutoka hapa hadi pale. Tunaliomba lengo hilo liondolewe, na maafisa wa elimu wa kaunti zetu ndogo sita waweke lengo ambalo mwalimu anaweza kulifanyia kazi Jumatatu asubuhi.

Chukulia darasa la watoto 60, wastani wake 50. Huenda 30 wamepata 80 na 30 wamepata 20. Mwalimu akiwasukuma wale wa juu hadi 90, wastani unakuwa 55 na lengo limetimia. Wale 30 wa chini hawakusogea hata hatua moja, na karatasi ya matokeo haitawataja.

Lengo la kweli hutaja ustadi. Kwa Gredi ya 3 tuanze na kusoma, kwa sababu kuanzia Gredi ya 4 mtoto asiyesoma hukwama katika kila somo, Hisabati ikiwemo. Vipimo tunavyo tangu Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma, ulipoenea nchini mwaka 2015: kwa Kiswahili, maneno 17 kwa dakika ni msomaji anayechipuka, 45 ni msomaji stadi. Kwa Kiingereza ni 30 na 65. Hesabu ya Kiswahili iko chini kwa haki. Neno letu moja, "hawakunipikia", linabeba kile ambacho Kiingereza hukisema kwa maneno sita.

Kupima kwenyewe hakuhitaji fedha, kunahitaji uangalifu. Wiki ya 3 ya muhula wa kwanza, chukua rejista ya darasa la watoto 60, piga kura kupata jina moja kati ya sita ya mwanzo, kisha kuanzia hapo chukua kila jina la sita hadi upate watoto 10. Mwalimu asichague mwenyewe. Ataleta wasomaji wake hodari, hata bila nia mbaya. Watoto 10 ni wachache mno kulihukumu darasa moja, lakini shule 20 za zoni moja ya elimu zikileta 10 kila moja, watoto 200 wanaonyesha hali vizuri. Kifungu kiwe kipya, cha maneno 60 hivi. Kikitoka kitabuni, utakutana na mtoto anayekariri ukurasa mzima huku macho yake yakiwa darini. Saa ya simu inatosha: dakika moja, hesabu maneno yaliyosomwa, toa yaliyokosewa. Aliyekosea akajirekebisha mwenyewe hajakosa. Halafu maswali matano ya ufahamu, maana kuna watoto wanaotamka haraka bila kushika kitu.

Hapa kwetu kuna jambo wapimaji hulisahau. Mtoto anayezungumza Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, akiona "njia" akasema "ndia", au "macho" akasema "mato", amesoma. Herufi amezitambua na maana ameipata. Lahaja ya nyumbani si kosa la kusoma. Akihesabiwa makosa, mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale, ataonekana dhaifu kuliko alivyo, na lengo litajengwa juu ya hesabu mbovu. Na ratiba iangalie Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia muhula wa kwanza. Mtoto aliyefunga asiitwe saa sita mchana kusoma kwa sauti.

Baada ya hapo ndipo lengo liandikwe. Mfano: wasomaji stadi wa Kiswahili Gredi ya 3 watoke 50 hadi 80 kati ya 200 ifikapo wiki ya 8 ya muhula wa tatu, na walio chini ya maneno 17 wasizidi 20. Sehemu ya pili ndiyo inayowalinda wa chini. Malengo mawili kwa mwaka yanatosha, la pili liwe la Hisabati. Shule yenye malengo tisa haina hata moja.

Lakini lengo lisilobadilisha somo ni mapambo ya ukuta. Liambatane na kazi: dakika 10 kila siku za kusoma katika vikundi vya kiwango kimoja, na afisa wa usaidizi wa mtaala aketi darasani kipindi chote cha dakika 30, asikilize watoto watatu wakisoma, amwachie mwalimu jambo moja la kurekebisha na arudi kuliangalia. Akikagua azimio la kazi na andalio la somo tu, kisha akagonga muhuri, amekagua karatasi.

Tena kuna ufa kati ya chekechea na Gredi ya 1. Kwa Katiba ya 2010, chekechea iko chini ya serikali ya kaunti, shule ya msingi chini ya serikali kuu. Mtoto huvuka, rekodi yake hubaki ng'ambo. Ofisi hizo mbili zikubaliane fomu moja ya ukurasa mmoja: sauti za herufi anazozijua, idadi anayoweza kuhesabu, lugha ya nyumbani.

Mkutano wa Januari ukifika, kila mwalimu mkuu aombwe nambari tatu za Gredi ya 3: walio chini ya 17, walio kati ya 17 na 44, na waliofika 45. Asiyenazo apewe wiki tatu akapime.

Walimu wastaafu,
Tudor, Mombasa