Nitafutie vioo vya simu vilivyovunjika

Jinja, Jumatatu usiku

Kaka Swaibu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, mguu wa Mama umepoa, mvua haikatiki. Najua nimenyamaza tangu Idi, utanigombeza tukionana. Leo nina shida.

Jumamosi Musa anapiga muziki, na picha za ukutani ni zangu. Si video za kurekodi: ni hadubini, kamera juu yake, projekta, basi. Juzi tulijaribu kwa tone la maji ya ziwani. Paramesiamu wakawa wanakatiza ukuta mzima kama boda zisizo na breki, watu wakashangilia. Halafu kijana mmoja akaniuliza nimeipakua wapi. Nimeipakua! Neno hilo limenikaa kooni.

Kwa hiyo safari hii ni sukari. Usicheke. Ukiweka plastiki ya polaraiza, ile inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, chini ya slaidi na nyingine juu, ukaizungusha ya juu mpaka mwanga ufe, punje ya sukari ya Kakira inawaka gizani: buluu, manjano, waridi. Chumvi haitoi kitu. Kisha naidondoshea maji mbele ya macho yao. Punje inaanza kuliwa pembeni, na kadiri inavyokonda rangi zinahama kuelekea katikati, mpaka panabaki giza tupu. Hapo nani ataniambia nimepakua? Wale wa Joshua Light Show, kundi la maonyesho ya mwanga, New York mwaka 1968, walichezea mafuta na maji ya rangi wakiwa nyuma ya skrini. Mimi nitakaa mbele, mkono uonekane.

Besi nayo inanitesa. Spika zikinguruma, meza inatetemeka na punje inatoka nje ya picha, maana hadubini inakuza hata mtikisiko. Musa anasema tuache, eti ndiyo mdundo. Musa na mdundo wake! Nitaweka ubao juu ya tyubu ya gari yenye upepo kidogo.

Sasa, plastiki niliyonayo imekwaruzika. Plastiki hizo zimo kwenye vioo vya LCD, yaani skrini za simu, mbele na nyuma, nawe unashinda na mafundi wa simu. Hata kikokotoo kibovu kinafaa. Wasizibandue kwa kisu, nitazibandua mwenyewe.

Je, huwa wanavitupa au wanaviuza? Hassan wa taksi anaweza kuvichukua kabla ya Ijumaa? Nawe utakuja, au kazi tena? Na yule wa Entebbe, mnaongea siku hizi au ndiyo yale yale?

Dada yako,
Zaina