"Utathibitishaje?" si jibu la kumpa aliyebaguliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua.

Mpwa wangu ana ualbino. Ana cheti cha uhasibu, na mwaka jana aliitwa kwenye usaili wa kazi ya keshia katika duka moja la jumla hapa Mwanza mjini. Akaambiwa asubiri simu. Uliokuja ni ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa msimamizi: bosi anataka kwenye kaunta mtu ambaye wateja hawatamshangaa. Wiki iliyofuata aliyekaa pale ni kijana ambaye hajamaliza hata masomo ya cheti hicho.

Nilimpeleka kwa mtu anayejua sheria. Hakumsikiliza hadi mwisho. "Utathibitishaje?" Binti akarudi Igoma, akaufuta ule ujumbe kwa uchungu. Nami nikanyamaza, maana sikujua.

Baadaye niliitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nikaisoma mwenyewe. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, kabila, asili, ulemavu na mambo mengine, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Kilichoniuma ni sehemu ya uthibitisho. Tumezoea kusikia kwamba anayedai ndiye athibitishe. Hapa mlalamikaji anatakiwa kuonyesha tu kwamba kuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa awali unaotosha kumfanya mwajiri ajieleze. Akishafika hapo, mzigo unahamia kwa mwajiri: athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na rangi wala ulemavu, au kwamba kazi yenyewe kwa asili yake inadai sifa ambayo mtu yule hana. Hakuna anayekutaka upasue kifua cha bosi uone alichokificha.

Marekani hawana nafuu hiyo. Huko, kwa utaratibu uliotokana na kesi ya McDonnell Douglas dhidi ya Green ya mwaka 1973, mwajiri akishatoa sababu yake, ni mfanyakazi anayerudi kuthibitisha kwamba sababu hiyo ni kisingizio. Sisi tuna sheria iliyomwonea huruma mnyonge zaidi ya hapo, halafu tunamfukuza mnyonge mlangoni kwa swali moja.

Mpwa wangu alikuwa na ushahidi huo wa awali mkononi: tangazo la kazi, cheti chake, jina la aliyechukuliwa, na ule ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua ujumbe wa simu kuwa ushahidi, ila mahakama itaangalia umetunzwaje. Kwa hiyo ndugu zangu, msifute, na simu yenyewe msiiuze. Ulizeni pia idadi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mwenye watu 100 na hana hata mmoja hajathibitishwa kukubagua wewe, lakini ana la kueleza.

Ubaguzi wa rangi ni mgumu zaidi, kwa kuwa hakuna anayeuandika. Mara nyingi huonekana kwa kulinganisha tu: wawili kazi moja, uzoefu mmoja, mishahara mbali mbali, na tofauti pekee ni asili yao. Bila hati za mshahara na mwenzako aliye tayari kusimama kama shahidi, ulinganisho huo unabaki maneno ya kijiweni. Na mwenzako anaogopa, naye ana watoto. Simlaumu.

Kuna jambo la muda pia. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ni siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima awe na sababu ya msingi, na huzuni si rahisi kukubaliwa kuwa sababu.

Naiomba Tume hapa Mwanza ibandike siku hizo na kifungu hicho cha 7 kwenye ubao wa nje, kwa Kiswahili ambacho mchambua minofu ya sangara atakisoma akiwa amesimama. Na wasaidizi wa kisheria wa Nyamagana na Ilemela nawaomba, mtu akija analia, mwanze kwa kumuuliza ana nini mkononi.

Mjomba wa mlalamikaji,
Nyegezi, Mwanza