Pontiac GTO ya 1972: Nguvu za Farasi Mia Moja Zilikwenda Wapi?

Mteja anayetuletea Pontiac GTO ya mwaka 1972 mara nyingi huanza kwa kulalamikia kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari: GTO ya 1970 yenye injini ya inchi za ujazo 400 iliandikwa nguvu za farasi 350, yake imeandikwa 250, naye anaamini kwamba ameuziwa gari lililokwisha. Tunamwomba asilirudishe kwanza.

Upungufu wa kweli ulitokea mwaka 1971, pale General Motors ilipotaka injini zake ziweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo, na Pontiac, mojawapo ya chapa zake, ikashusha kampresheni ya injini hiyo (kiasi ambacho mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa ndani ya silinda) kutoka 10.25 kwa 1 hadi 8.2 kwa 1. Nguvu zikapungua kutoka 350 hadi 300, na hasara hiyo dereva huihisi mara tu anapokanyaga mafuta. Zile 50 nyingine zilipotea zaidi kwenye karatasi. Zamani injini ilipimwa ikiwa tupu juu ya stendi, bila kichujio cha hewa wala ekzosi ya gari lenyewe, ilhali kuanzia 1972 kipimo kilichotangazwa kilikuwa cha injini iliyofungwa vifaa vyake vyote. Kampresheni ilibaki ileile.

Wanunuzi, ambao tayari walikuwa wakilemewa na bima za magari ya aina hii, hawakungoja maelezo. Mwaka 1966 ziliuzwa GTO 96,946. Mwaka 1973 zilikuwa 4,806 tu. Mwaka uliofuata jina hilo lilibandikwa kwenye Ventura, gari dogo lenye injini ya inchi 350, kisha likaachwa kwa miaka 30. Kwa maoni yetu, ile ya 1972 haikustahili kudharauliwa.

Tatizo lake kubwa ni utambulisho. Namba ya chasi ya GTO za 1966 hadi 1971 huanza na 242, lakini mwaka 1972 GTO ilirudi kuwa nyongeza ya hiari kwenye LeMans, gari la kawaida la Pontiac, hivyo namba peke yake haithibitishi kitu, na LeMans iliyobandikwa nembo huweza kuuzwa kwa bei ya GTO. Kabla hujalipa, lete gari na nyaraka zake zote za awali. Tutapima kampresheni ya kila silinda, kisha tutapangusa grisi mbele ya bloku, upande wa abiria, chini kidogo ya silinda hedi, tusome herufi mbili zilizogongwa hapo, zinazoonyesha aina ya injini.