Westlife hawakudumu kwa bahati: ombi kwa kurasa za burudani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka hivi karibuni katika kurasa zenu za burudani, ambayo mwandishi wake alidai kwamba makundi ya vijana waimbaji ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, na hasa Westlife la Ireland, yalikuwa bidhaa za mameneja, na kwamba watu wanaoendelea kuyasikiliza leo wanaukumbuka ujana wao tu, wala si muziki. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Mbeya. Hoja hiyo imenigusa kwa sababu inawafundisha wasomaji vijana kwamba kuimba vizuri, kwa sauti zinazopatana, si kazi yenye hadhi yake.

Mwandishi ana haki katika jambo moja: ni kweli Westlife lilipangwa. Shane Filan, Mark Feehily na Kian Egan walikulia Sligo, mji mdogo wa magharibi mwa Ireland, wenye mvua nyingi na majani mabichi mwaka mzima kama Tukuyu yetu, wakasoma shule moja na kuigiza pamoja katika michezo ya jukwaani yenye nyimbo. Kundi lao la mwanzo lilikuwa la vijana sita. Lilipofika mikononi mwa meneja Louis Walsh, ambaye tayari alikuwa amelilea kundi la Boyzone, likasikilizwa na Simon Cowell wa kampuni ya kurekodi, naye akashauri baadhi yao waachwe. Watatu wakaondoka, ukafanyika usaili mjini Dublin, na wakaingia Nicky Byrne na Brian McFadden. Nicky alikuwa ametoka kujaribu maisha ya mpira akiwa golikipa wa timu ya vijana ya Leeds United. Hayo yote yalitokea mwaka 1998, na hakuna aliyewahi kuyaficha.

Lakini tangu lini kupangwa kukawa kosa? Kila kwaya tunayoisifu katika nyanda hizi za juu, kuanzia Iringa na Njombe hadi Rungwe na Kyela, ilipangwa na mtu aliyekaa, akasikiliza sauti moja moja, akasema huyu asimame mbele, huyu aende kwenye besi, na huyu, kwa upole, asubiri mwaka ujao. Kinachopaswa kuulizwa ni kama aliyepanga alikuwa na masikio. Ukiwasikiliza Westlife wa miaka ile ya mwanzo utakubali kwamba masikio yalikuwepo. Sauti ya Shane ni laini na inanyooka, inafaa kufungua wimbo na kueleza kisa. Ya Mark ina nguvu na inapanda juu bila kukwaruza, ndiyo maana sehemu ngumu za mwisho mara nyingi aliachiwa yeye. Ya Brian ilikuwa na ukavu kidogo uliouzuia utamu usizidi. Kian na Nicky walibeba zaidi sauti za chini ya hizo tatu, kazi ambayo haimpatii mtu sifa lakini ikikosekana wimbo mzima unayumba. Kila mwalimu wa kwaya anawajua waimbaji wa namna hiyo na anawaombea uhai mrefu.

Matokeo yake yameandikwa. Singo yao ya kwanza, "Swear It Again", ilitoka Aprili 1999 na kufika namba moja katika chati ya Uingereza, zikafuata nyingine sita, na zote saba zikafika hapo hapo, jambo ambalo hakuna msanii aliyewahi kulifanya kwa nyimbo zake saba za mwanzo. Ya nane ilisimama namba mbili, Desemba 2000, ikizuiwa na wimbo wa kipindi cha watoto cha televisheni. Hadi kufikia mwaka 2006 walikuwa na namba moja 14. Meneja mwerevu anaweza kumnunulia kijana wake wiki moja ya kusikika. Miaka minane hainunuliki.

Mwandishi wenu amelalamika pia kwamba nyimbo nyingi za Westlife ni za watu wengine. Ni kweli, "Uptown Girl" ni ya Billy Joel, "I Have a Dream" ni ya ABBA, na "Seasons in the Sun" ina asili yake katika wimbo wa Kifaransa wa Jacques Brel wa mwaka 1961. Hata "You Raise Me Up", ambayo wengi hapa nchini wanaamini ni yao, ilitungwa na Rolf Løvland wa Norwei, maneno yakaandikwa na Brendan Graham wa Ireland, na Josh Groban wa Marekani akaiimba kabla yao. Westlife waliitoa mwaka 2005. Mimi sioni aibu yoyote katika hilo. Vitabu vyetu vya nyimbo vimejaa tenzi zilizotungwa Ujerumani na Uingereza zamani sana, na hajawahi kutokea muumini aliyesimama ibadani akauliza kwa nini kwaya haikuutunga wimbo huo yenyewe. Anachouliza ni kama umeimbwa ukamfikia. Mtunzi ana heshima yake na mwimbaji ana yake, na kwetu sisi tuliolelewa kwenye kwaya hilo linapaswa kueleweka mapema kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Niruhusu nikae kidogo kwenye jambo ambalo makala ile ililidhihaki, yaani desturi yao ya kuimba wakiwa wameketi kwenye viti virefu na kusimama wote pamoja wimbo unapofika karibu na mwisho. Wanachokifanya pale si mbwembwe. Wakati huo wimbo unapandishwa ufunguo: kiitikio ambacho msikilizaji ameshakizoea kinaletwa upya kikiwa juu zaidi, sauti zote zikiwa zimefunguliwa. Mwimbaji aliyeketi muda mrefu tumbo lake limebanwa. Akisimama, pumzi inashuka, kifua kinapanuka, na noti ya juu inapata mahali pa kutokea. Jukwaani inaonekana kama pambo, lakini mwili wa mwimbaji unauhitaji msaada ule.

Na kupandisha ufunguo ni kazi ngumu kuliko msikilizaji anavyodhani. Mwaka jana vijana wangu waliomba tuiandae "You Raise Me Up" kwa ajili ya harusi ya mwenzao, nikakubali. Sauti ya kwanza haikupata shida, kwa sababu wimbo wenyewe unaivuta. Walioteseka ni alto, yaani wanawake wa sauti ya pili. Ufunguo ukishapanda, masikio yao yanakuwa bado yameshika "do" ya zamani, na kwa kuwa noti yao inakaa katikati, ambako hakuna anayeisikia kwa urahisi, wanateleza kurudi chini bila kujijua, wakiwavuta pamoja nao hata wanaume wa sauti ya tatu, ile tunayoiita tena. Tulilazimika kuuimba mstari ule polepole bila kinanda, tena na tena, kisha nikamwomba mpiga kinanda aiguse noti ya alto pigo moja kabla ya wengine. Siku ya harusi walipanda wote pamoja, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa karibu na meza ya keki aliacha sahani yake na kusimama. Mama yule ujana wake ulikwisha kabla Westlife hawajaanza. Hakuwa na cha kukumbuka. Alisimama kwa sababu ya sauti.

Kuna sababu nyingine ya kupendwa kwao huku kwetu, nayo ni lugha. Nyimbo zao kadhaa za mwanzo, pamoja na "My Love" ya mwaka 2000, zilitungwa na Waswidi, kina Jörgen Elofsson, Per Magnusson na David Kreuger, watu ambao Kiingereza hawakukinyonya kwa mama zao. Nadhani ndiyo maana maneno yake ni mepesi, sentensi ni fupi, na kila silabi imepewa noti yake ya kukalia. Mwanafunzi wa sekondari wa Mbalizi au Mafinga aliyekuwa akihangaika na Kiingereza darasani aliweza kuyakamata. Wengi wa rika langu la chini wanalikumbuka daftari la nyimbo: kanda inawekwa redioni, mmoja anabonyeza na kusimamisha, mwingine anaandika, wa tatu anabishana naye kuhusu neno lililosikika vibaya, na kanda ikilegea inazungushwa kwa kalamu ya Bic. Daftari hilo lilizunguka bweni zima, likapambwa maua pembeni kwa wino mwekundu, na mwenye nalo aliheshimiwa. Walimu wa Kiingereza walinyang'anya mengi ya madaftari hayo. Kwa maoni yangu wangefanya vizuri zaidi kuyatumia, kwani pale mwanafunzi alikuwa akifanya imla kwa hiari yake.

Leo kanda hazipo, lakini panda Coaster ya kwenda Kyela asubuhi, au kaa kwenye saluni yoyote ya Mwanjelwa, na hautapita muda mrefu kabla hujazisikia nyimbo hizo, zikiimbwa na konda au na binti anayesukwa ambaye hakuwa amezaliwa zilipotoka. Huyo naye anakumbuka ujana upi? Na si sisi peke yetu. Desemba 2021 walipoimba kupitia mtandao wa WeChat kwa ajili ya China, watazamaji walizidi milioni 20.

Safari yao yenyewe haikuwa nyepesi. Brian aliondoka Machi 2004, na waliobaki wanne wakagawana sehemu zake na kuendelea. Juni 2012 waliaga kwa maonyesho mawili katika uwanja wa Croke Park, Dublin, na mwaka huo huo Shane alifilisika baada ya biashara yake ya nyumba na ardhi kuanguka. Wengi tuliamini yamekwisha. Oktoba 2018 wakatangaza kurudi, Januari 2019 wakatoa wimbo mpya, na Agosti 2022 wakaimba kwa mara ya kwanza wakiwa wenyeji wa onyesho katika uwanja wa Wembley. Februari 2024 Mark alitangaza kupumzika ziara kwa sababu za kiafya, nao wenzake wakaendelea watatu. Ninaheshimu sana namna wanavyobadilika idadi bila kutukanana hadharani. Boyz II Men wa Philadelphia nao walibaki watatu baada ya Michael McCary kuondoka mwaka 2003, na Backstreet Boys, walioanza Orlando mwaka 1993, bado wanapanda jukwaani. Makundi haya yote yalijengwa juu ya sauti kadhaa zinazosikilizana.

Kwetu Afrika Mashariki tumewahi kuonja jambo hili. Sauti Sol wa Nairobi, walioanza mwaka 2005, walionyesha kwamba vijana wanne wanaweza kuimba kwa Kiswahili kwa sauti zilizopangwa na bara zima likasikia, hadi walipotangaza kusimama mwaka 2023. Hapa nyumbani tulikuwa na Yamoto Band, vijana wa Temeke waliokuwa na kila kitu cha kuwafanya wadumu. Leo Aslay na Mbosso, waliotoka humo, kila mmoja ana jina lake na ninawapenda, lakini sijaacha kusikitika kwamba hatukuwasikia wakikomaa pamoja. Mazingira ya muziki wetu yanampa mtu mmoja kila kitu, kuanzia jina na picha hadi malipo, na kijana mwenye sauti ya pili nzuri haoni mahali pa kuipeleka.

Hapo ndipo gazeti lako lina kazi, Ndugu Mhariri. Kurasa zenu za burudani hutueleza nani amegombana na nani, nani amenunua gari, nani ameachana na nani. Ni mara chache sana zinatueleza nani ameimba vizuri na kwa nini. Naomba mpate mwandishi anayejua kusikiliza, awe anaandika hata mara moja kwa mwezi juu ya uimbaji wenyewe: wimbo umejengwaje, sauti zimepangwaje, nani amebeba besi. Naomba pia vituo vya redio vya mikoa yetu, ambavyo vinalipenda gazeti lako na husoma kurasa zake kila asubuhi, vitenge muda kwa makundi yanayoimba kwa sauti tupu au kwa kinanda kimoja, kwa sababu hayo hayana fedha za kulipia studio kubwa lakini yapo, na mengi yametoka kwenye kwaya za makanisa na za shule.

Kama mwandishi wa makala ile atakubali, ninamkaribisha Mbeya. Vijana wangu hufanya mazoezi kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni, na wanne kati yao wameanza kutunga nyimbo zao wenyewe za mapenzi kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Mwimbaji wao wa sauti ya tena bado anahitaji kufundishwa kupumua, ila wengine watatu wako tayari kusikilizwa na mtu yeyote.

Mwalimu wa kwaya,
Uyole, Mbeya