Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nianze na lile mnaloniuliza kila tukikutana: hapana, hatujapata namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwaka mzima kompyuta zetu za Kampala, Jinja na Arua zilipima vipeo (kipeo ni idadi ya 2 zinazozidishwa pamoja kabla ya kutoa 1) tulivyopangiwa na GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa kubwa kwa kompyuta za watu wa kujitolea, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, na majibu yote yakawa yaleyale: si tasa. Mzee wetu mmoja wa Arua aliuliza kikaoni kwa nini tunahangaika kumtafuta tasa ilhali wenye watoto wamejaa. Tulicheka sana. Hata hivyo kazi haikupotea. Tangu 2020 programu huambatanisha uthibitisho na jibu, na mwenzetu wa mbali huukagua kwa muda mfupi bila kurudia hesabu yote. Kipeo tulichokifuta kimefutwa.

Aliyebahatika ni Luke Durant wa Marekani. Tarehe 12 Oktoba ilithibitishwa kwamba 2 ikipandishwa kwa kipeo cha 136,279,841, kisha ukatoa 1, unapata namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Iliyotangulia, ya Desemba 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048. Nilifurahi, ila sifichi kwamba niliingiwa na unyonge pia. Durant alitumia kadi za michoro zenye nguvu zilizotawanyika katika nchi 17. Sisi tuna kompyuta za mezani zilizokwisha kustaafishwa maofisini. Bado ninaamini nafasi ipo, kwani kipeo chenye bahati hakijui kimeangukia mashine ya nani.

Sasa suala la Jinja. Wenzetu wanaishi kando ya bwawa linalozalisha umeme, na ndio waliokaa gizani kuliko sote. Umeme ukikatika hasara si kubwa, maana programu huhifadhi ilipofikia kila nusu saa. Balaa lilikuja pale mashine moja ilipoungua sehemu ya umeme ikalala wiki nyingi. Muda wa kipeo chake ukaisha, kikapewa mtu mwingine, hali kazi ilikuwa imepita nusu. Kosa ni langu: ningeweza kuingia kwenye akaunti yetu na kuomba muda uongezwe, nikasahau. Mwenye mashine ile nimemwomba radhi ana kwa ana, na narudia hapa mbele yenu.

Fedha atazieleza mweka hazina. Mimi nasema moja tu: yaka, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, inatumaliza. Napendekeza mashine kongwe zipewe kazi ndogo za kutafuta vigawo, yaani namba ndogo zinazoigawa namba kubwa bila baki, na zile mpya ziachiwe vipimo virefu.

Kuhusu zawadi ya EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, ya dola 150,000 kwa namba tasa ya kwanza yenye tarakimu milioni 100, nasikia wapo waliokwisha kugawana. Hao nawaomba wamalize kwanza mchango wa yaka wa mwezi uliopita, na siku ya mkutano kila mmoja aje na brashi. Feni zimejaa vumbi.

Mwenyekiti